Okestra ya Kwenye Kompyuta: Tumwite Nani Atupigie?

Mtunzi wa kwaya aliyeko Buterere, mtaa wa Bujumbura, leo anaweza kuusikia wimbo wake ukipigwa na kundi zima la vayolini, tarumbeta na timpani bila mpigaji hata mmoja kukanyaga mtaa huu. Anahitaji laptopu, programu ya kurekodia, na kile watu wa studio wanachokiita maktaba ya sauti: maelfu ya noti zilizopigwa na wanamuziki wa kweli mbele ya maikrofoni, moja baada ya nyingine, zikatunzwa zisubiri kidole cha mtu mwingine. Maktaba hizo zimekuwa nyingi. Baadhi ni za bure, baadhi bei yake inaizidi ya laptopu yenyewe, na swali la ipi ichaguliwe linawagawa watu wanaopenda muziki mmoja na kusali kanisa moja.

Nimelipanga swali hilo katika sauti tatu. Wenye sauti nimewaunda mwenyewe. Hoja ni zile zinazosemwa kweli na watu wa kazi hii. Wa kwanza ni Mwalimu wa kwaya, mtu mzima aliyejifunza muziki kwa solfa. Wa pili ni Fundi, kijana wa studio, mwenye masikio makali na subira ndogo. Wa tatu ni Mpiga kinanda, mwanamke ambaye kila Jumapili kwaya nzima inamsikiliza yeye ili ijue pa kuanzia. Kwaya yao ina Misa mpya ya Kiswahili yenye nyimbo sita, na inataka kuirekodi kwa sauti za okestra. Mimi nitaingia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

FUNDI: Mwalimu, naomba nianze mimi. Kama tunataka okestra, tutafute inayopiga vizuri. Mwaka 2019 Spitfire Audio ya London ilitoa maktaba ya BBC Symphony Orchestra. Okestra nzima ilirekodiwa katika studio za Maida Vale, kila mpigaji akiwa amekaa mahali pake pa kawaida. Toleo kubwa lina uzito wa karibu GB 600. Noti moja imepigwa kwa upole, ikapigwa kwa wastani, ikapigwa kwa nguvu. Ikapigwa kwa upinde mrefu, kwa upinde wa kukata, kwa kudonoa nyuzi. Maikrofoni ziliwekwa karibu na mbali, nawe unachagua usikilizie wapi. Msikilizaji hatajua kama ni kompyuta.

MWALIMU: GB 600 utazishusha kwa mtandao gani, mwanangu?

FUNDI: Usiku, kidogo kidogo.

Hesabu yake ni hii. Mtandao unaoshusha megabiti 5 kwa sekunde bila kulegea utahitaji zaidi ya siku 11, mchana na usiku, kumaliza mzigo huo. Katika siku hizo umeme usikatike na bando lisiishe. Anayeishi Bujumbura anajua kwamba hayo ni masharti makubwa. Zaidi ya hapo kuna malipo: maktaba hiyo iliuzwa kwa karibu dola 1,000, nayo hulipiwa kwa kadi ya benki na kwa fedha za kigeni, kitu ambacho Burundi kimekuwa adimu kwa miaka mingi. Na laptopu ya kuibeba lazima iwe na kumbukumbu ya kutosha na diski ya kasi, kwa sababu kila noti inayopigwa inavutwa kutoka kwenye diski papo hapo. Mashine dhaifu itakwama katikati ya wimbo.

MPIGA KINANDA: Kaka, okestra hiyohiyo ina toleo dogo liitwalo Discover, lililotoka mwaka 2020. Wapigaji walewale, ukumbi uleule, ila limebanwa hadi MB 200 hivi. Hilo linaingia kwenye flashi. Mbona unalipita?

FUNDI: Kwa sababu wameliondolea vilivyo vizuri, dada. Halina legato. Legato ya vayolini haipatikani kwa kusogeza noti mbili zikaribiane. Ni ule mpito wenyewe, kidole kikihama huku upinde unaendelea kuvuta. Maktaba kubwa zimerekodi mpito huo, kutoka noti hadi noti. Toleo dogo linakupa noti, kisha wewe uziunge. Na maikrofoni za kuchagua hazimo. Unapewa mchanganyiko mmoja walioupanga wao.

MPIGA KINANDA: Mwalimu, katika Misa yetu ni wapi vayolini inaimba peke yake?

MWALIMU: Utangulizi wa wimbo wa mwanzo, na pale baada ya Komunyo. Kwingine kote kwaya inaimba.

MPIGA KINANDA: Basi kwingine kote nyuzi zinashikilia mlio mrefu chini ya sauti za watu. Hapo legato ya bei ghali itasikiwa na nani?

Nampa haki. Mara nyingi mjadala wa maktaba huanza na jina la kampuni, ilhali ulipaswa kuanza na karatasi ya muziki. Okestra ya filamu, inayobeba hadithi nzima bila mwimbaji, inadai kila kitu alichokitaja Fundi. Okestra inayosindikiza kwaya ya sauti nne ina kazi nyingine: kuwapa waimbaji sakafu ya kusimamia, kujaza pumzi kati ya beti, kuinua Utukufu unapofika kilele. Mtunzi akijua ni mistari mingapi inayosikika waziwazi, ameshapunguza nusu ya matatizo yake kabla hajagusa kompyuta.

MWALIMU: Kinachonisumbua mimi ni ukumbi. Waimbaji wangu watarekodiwa kwenye chumba chenye mablanketi ukutani na mabati juu. Vayolini za Fundi ziko kwenye jumba kubwa. Nikiwasikiliza pamoja, nasikia watu walio sehemu mbili tofauti, kama redio mbili zimewashwa.

FUNDI: Hapo umegusa penyewe, Mwalimu.

Kweli amegusa penyewe, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kila maktaba imerekodiwa mahali fulani, na mahali hapo pamo ndani ya kila noti. Spitfire, iliyoanzishwa mwaka 2007 na watunzi wawili, Christian Henson na Paul Thomson, ilijijengea jina kwa kurekodi katika ukumbi wa Lyndhurst wa studio za AIR, jengo la Hampstead lililokuwa kanisa. Mwangwi wa kanisa lile hauondoki. Anayenunua vayolini zile amenunua na kuta zake. Kwa muziki wa vayolini peke yake ni neema. Kwa kwaya iliyorekodiwa kwenye chumba kidogo ni ugomvi.

Vienna Symphonic Library ilipita njia ya kinyume. Ilianzishwa mwaka 2000 na Herb Tucmandl, mpiga cello wa Vienna, nayo ikajenga ukumbi wake wa kurekodia ulioitwa Silent Stage, ambamo mwangwi ni mdogo sana. Noti zinatoka kavu. Mtunzi ndiye anayeamua baadaye awaweke wapigaji kwenye ukumbi gani kwa programu ya mwangwi. Uhuru huo una gharama yake: sauti kavu haisitiri chochote, na vayolini kavu mikononi mwa asiyejua kuzipanga husikika nyembamba na kali.

FUNDI: Kuna njia, na haina gharama. Twende kanisani usiku, ndege zikishatua zote, jenereta zikizimwa. Tupasue puto mbele ya altare, turekodi ule mlio hadi mwangwi wake uishe kabisa. Mlio huo unaingizwa kwenye programu ya mwangwi. Programu ya kurekodia ya Reaper inayo moja, ReaVerb. Baada ya hapo sauti yoyote kavu ikipitishwa humo inasikika kama imepigwa ndani ya kanisa letu. Kwaya tunaipitisha humo, nyuzi tunazipitisha humo. Wote wanakuwa chumba kimoja.

MWALIMU: Kwa hiyo vayolini za Ulaya zitasali Buterere.

FUNDI: Ndiyo, Mwalimu. Lakini lazima ziwe kavu. Ndiyo maana nasema tutafute ya Vienna.

MPIGA KINANDA: Au VSCO 2 toleo la jamii, ya Versilian Studios. Ni ya bure, na wenyewe wameachilia haki zote, mtu aitumie atakavyo bila kuomba ruhusa. Mwangwi wake ni mdogo. Kuna na Sonatina ya Mattias Westlund, karibu MB 500, nayo ni bure. Zote zinafunguka kwenye sforzando ya Plogue, ambayo pia hailipiwi.

FUNDI: Dada, hizo nimezijaribu. Chukua noti fupi ya cello uirudie mara nane kwa haraka. Inakuwa bunduki. Mpigaji wa kweli hapigi noti mbili zikafanana. Mkono unatofautiana kidogo kila mara, na sikio linategemea tofauti hiyo. Maktaba nzuri zimerekodi noti ileile mara nne, tano, sita, zikawa zinapokezana zamu. Maktaba za bure zina zamu chache, mahali pengine hakuna kabisa. Sikio la mwanakwaya litashtuka hata kama hajui sababu.

MPIGA KINANDA: Basi tusiandike noti fupi nane mfululizo. Mwalimu ndiye mtunzi na yuko hapa.

Fundi hapa anasema ukweli wa kifundi, na Mpiga kinanda anamjibu kwa ukweli wa utunzi. Watunzi wa zamani waliandika kwa ajili ya wapigaji waliokuwapo. Mwenye tarumbeta mbili dhaifu aliandika kwa ajili ya tarumbeta mbili dhaifu. Kuandika kwa kufuata uwezo wa maktaba ndogo ni ustadi, na sioni kwa nini mtunzi wa Buterere auonee haya.

Mwalimu lakini ana dukuduku lingine, na ni zito kuliko la ukumbi.

MWALIMU: Nataka mnisikilize kama mzee. Sisi Waswahili tuna okestra yetu tangu zamani. Zanzibar, Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ikaja mwaka 1958. Fidla zimejipanga, kanuni, udi, nai, cello, besi la kusimama, kodiani. Watu wamevaa vizuri, wamekaa, wanapiga kwa pamoja kwa mtindo waliouchukua Misri wakaufanya wao. Miaka ya 1990 ikaja taarabu ya kisasa, akina East African Melody, na kinanda kikachukua nafasi ya fidla zote zile. Mtu mmoja akabonyeza, safu nzima ikakaa nyumbani. Nyinyi mnaniambia habari ya maktaba. Mimi nakumbuka safu ile.

FUNDI: Lakini Mwalimu, taarabu ya kisasa iliwafikia watu wengi zaidi. Watu walicheza.

MWALIMU: Walicheza, sikatai. Ila sikiliza fidla ya taarabu inavyoteleza kutoka noti moja kwenda nyingine, inavyokaa kwenye robo ya sauti ambayo kinanda hakina. Nani kati ya hao wa London na Vienna ameteleza hivyo?

MPIGA KINANDA: Noti unaweza kuishusha kidogo kwenye programu, Mwalimu. Robo ya sauti inapatikana. Mtelezo ndio haupatikani, kwa sababu haukupigwa. Hakuna programu itakayoutoa mkono ambao haukuwapo siku ya kurekodi.

FUNDI: Hata hivyo hapa Buterere hatumnyang'anyi mtu mkate. Hatuna safu ya fidla ya kuirudisha nyumbani.

MWALIMU: Hatuna kwa sababu hatujaianzisha. Korogocho, Nairobi, pembeni ya jalala la Dandora, tangu mwaka 2008 kuna mradi wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge. Watoto wa pale wanapiga vayolini na klarineti za kweli. Kinshasa, Armand Diangienda alianzisha Okestra ya Kimbanguiste mwaka 1994, na hakuwa mwanamuziki wa kusomea, alikuwa rubani. Walianza na ala chache watu wakipokezana, nyingine wakazichonga wenyewe. Leo wanapiga Beethoven. Na sisi jalala la jiji tunalo, watoto tunao. Hizo dola 1,000 za maktaba zingenunua vayolini za wanafunzi kadhaa.

FUNDI: Na mwalimu wa vayolini utamtoa wapi? Mtoto anahitaji miaka kabla hajatoa sauti ya kuvumilika. Misa inatakiwa irekodiwe mwaka huu.

Sikubaliani na Mwalimu anapoifanya maktaba kuwa adui wa vayolini. Mtoto aliyeusikia wimbo wa kwaya yake mwenyewe ukiwa na sauti ya cello, hata ya kompyuta, ana sababu ya kutaka kuishika cello. Lakini namkubalia kabisa kuhusu fedha. Kwaya ya mtaa ikichanga dola 1,000, zisiishie kwenye diski. Hilo nalisema bila kusita, na Fundi anajua kwamba hoja yake imepungua nguvu hapo. Ndipo anapotoa flashi mfukoni.

FUNDI: Basi niseme wazi. Maktaba kubwa ninayo. Si yote, ila nyuzi na shaba zimo, na programu ya kuzifungulia imo, imeshavunjwa kufuli. Rafiki alinipa. Hatulipi kitu, hatushushi kitu. Kila studio ninayoijua mjini inafanya hivi.

MWALIMU: Ni ya wizi?

FUNDI: Ni nakala. Wale wa London hawatapungukiwa na chochote kwa sababu ya kwaya ya Buterere. Hata tungetaka kulipa, kadi hatuna.

MPIGA KINANDA: Kaka, unaijua habari ya Bukirasazi?

FUNDI: Ipi?

Habari hii anastahili kuijua kila anayetumia maktaba ya sauti nchini Burundi, kwa hiyo naomba niisimulie mwenyewe.

Mwaka 1967 Wafaransa Michel Vuylsteke na Charles Duvelle walirekodi muziki wa nchi hii, na miongoni mwa vitu walivyorekodi ni kundi kubwa la ngoma za Bukirasazi. Santuri ilitolewa na Ocora mwaka 1968. Kwa msikilizaji wa Ulaya ilikuwa santuri ya wataalamu, ya kuwekwa maktabani. Mwaka 1971 ikatoka santuri nyingine, Burundi Black, iliyotajwa kwa jina la Burundi Steiphenson Black: ngoma zilezile zilizorekodiwa Bukirasazi, juu yake zimebandikwa gitaa na piano. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akachukua kipande cha rekodi hiyohiyo, akakizungusha mfululizo, akaimba juu yake wimbo wa The Jungle Line. Hiyo ni mojawapo ya mara za mwanzo kabisa katika santuri za biashara ambapo kipande cha rekodi ya watu wengine kilifanywa msingi wa wimbo mpya. Mwaka 1980 na 1981 bendi za Adam and the Ants na Bow Wow Wow wakajenga mtindo wao mzima juu ya mapigo ya aina hiyo, hadi magazeti ya Uingereza yakayaita mapigo ya Burundi. Jina la nchi lilivuma. Majina ya wapigaji wa Bukirasazi hayakuwapo juu ya santuri zile za pop.

Kwa hiyo kabla Buterere haijatumia maktaba ya sauti ya mtu yeyote, Burundi ilikuwa yenyewe maktaba ya sauti ya wengine, bila kuulizwa. Na kilichochukuliwa kilikuwa kimekatwa. Anayezijua ngoma hizi anajua zinavyogawana kazi: inkiranya iko katikati, mpigaji wake ndiye anayeongoza na kucheza; amashakwe zinashika pigo lisilobadilika; ibishikizo zinamfuata anayeongoza popote anapokwenda. Ni mazungumzo. Kipande cha sekunde chache kinachozungushwa kinaacha pigo na kuondoa mazungumzo, kwa sababu ibishikizo haziwezi kumfuata mtu ambaye hasogei. Wapiga ngoma wa Burundi walipopanda wenyewe jukwaani katika tamasha la kwanza la WOMAD, Uingereza, mwaka 1982, waliokuwa wamezoea kipande waliona kitu kizima.

MPIGA KINANDA: Sasa niambie, kaka. Tukilalamika kwamba mwaka 1971 walichukua mikono ya babu zetu bila ruhusa, tutawezaje kuichukua mikono ya wapiga vayolini wa London bila ruhusa, tena kwa ajili ya Misa?

FUNDI: Hailingani. Wao wana nguvu. Wana mahakama, wana wanasheria. Babu wa Bukirasazi hakuwa na kitu.

MPIGA KINANDA: Hailingani kwa uzito, nakubali. Lakini ni kitendo kilekile. Na ingekuwa hatuna njia nyingine ningekaa kimya. Njia tunayo. Discover ipo, VSCO ipo, Sonatina ipo. Wenyewe wametupa kwa mkono wao.

MWALIMU: Flashi hiyo irudi mfukoni, mwanangu.

Niseme wazi niko upande gani: niko upande wa Mpiga kinanda. Zamani kijana wa studio aliweza kujitetea kwamba asipotumia nakala ya wizi hatakuwa na kitu kabisa, na mtu mwenye huruma alilazimika kumsikiliza. Utetezi huo umekwisha nguvu tangu maktaba halali za bure zipatikane. Kilichobaki ni tamaa ya sauti kubwa kuliko inavyohitajika, na sauti kubwa haijawahi kuokoa mpangilio mbaya.

Fundi hakunyamaza. Alibadilisha mlango.

FUNDI: Sawa. Basi kama ni hivyo, tufanye maktaba yetu. Turekodi ingoma sisi wenyewe, kwa ruhusa, tuziweke kwenye kinanda cha dada, Utukufu ulipuke.

MPIGA KINANDA: Mimi nizibonyeze?

MWALIMU: Hapo twende polepole. Ngoma hizi zina itifaki. UNESCO iliziandika kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Amri ya Rais ya Oktoba 2017 imeeleza nani apige na wapi, na imesema wanawake hawazipigi.

FUNDI: Kubonyeza kinanda si kupiga ngoma.

MPIGA KINANDA: Kwako si kupiga. Mimi ndiye nitakayekaa pale mbele ya watu, na sitaki kuingia kwenye ngoma kwa mlango wa nyuma. Siku wanawake watakaporuhusiwa nitaishika mirisho yenyewe, fimbo za kupigia. Kwa sasa nina wazo jingine: ikembe, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Turekodi ikembe, na makofi ya waimbaji wetu, na umuduri, upinde wa muziki wenye uzi mmoja, kama mzee wake atakubali. Vitu hivyo hakuna maktaba ya London itakayotupa, na hakuna atakayetukataza.

Wazo hilo linawezekana kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, na ningependa vijana wa studio walipime. Muundo wa faili uitwao SFZ ni maandishi matupu. Mtu anaweza kuuandika kwenye programu ya kawaida ya kuandikia. Mstari mmoja unasema faili hili la sauti lilie kidole kikigusa noti hii. Mwingine unasema noti ikipigwa kwa nguvu lilie faili lile. Mwingine unapanga zamu ili noti isijirudie kwa kufanana. Tuseme ikembe ina vyuma 11. Kila chuma kipigwe kwa nguvu tatu, na kila nguvu mara nne. Hizo ni noti 132. Kila moja ikiachwa ilie sekunde 4, kwa maikrofoni moja na ubora wa studio, jumla haifiki MB 80. Kazi ya alasiri moja na usiku mmoja wa kukata na kupanga. Ugumu hauko kwenye kompyuta, uko kwenye utulivu: Buterere ina mabati yanayolia jua linapochwea, ina magari, ina uwanja wa ndege kwa jirani, na mvua ikinyesha vyura wa bonde wanaimba usiku kucha. Inabidi kuvizia saa.

Na mpigaji. Mpigaji wa ikembe akubaliane nanyi kwanza, alipwe, aambiwe sauti yake itatumika wapi, na kama maktaba hiyo itapewa watu wengine aambiwe hilo pia. Iandikwe kwenye karatasi. Kilichokosekana Bukirasazi mwaka 1967 kinaweza kufanyika hapa kwa kalamu moja.

FUNDI: Na okestra tumeiacha?

MPIGA KINANDA: Hatujaiacha. Nyuzi tuzichukue Discover kwa nyimbo zile nne ambazo zinashikilia tu. Mwangwi wake si mkubwa, na nitaushusha chini ya kwaya usisikike umbali. Kwa zile mbili zenye vayolini peke yake tutumie VSCO, kavu, kwenye mwangwi wa kanisa letu, na ikembe ipige utangulizi pamoja nayo.

FUNDI: VSCO bila legato, mstari wa peke yake? Itasikika imekatika kwenye kila noti.

MWALIMU: Imekatika wapi?

FUNDI: Pale unapopanda kutoka soh hadi me ya juu. Mruko mrefu. Vayolini ya kweli ingeteleza, hii itaruka.

MWALIMU: Basi mruko ule nitaupa ikembe, yenyewe inaruka kwa asili. Vayolini ibaki kwenye hatua fupi, chini yake. Nipeni hadi Jumamosi niandike upya kurasa zile mbili.

FUNDI: Mimi nitatafuta puto, na nitamuuliza Padri ni usiku gani kanisa liko wazi. Lakini Mwalimu, elewa, nimekubali kwa ajili ya Misa hii. Nikipata kazi ya filamu nitairudisha hoja yangu ya Maida Vale.

MPIGA KINANDA: Irudishe, kaka. Uje na leseni yake.